Sara Hana Mabawa

Kati ya mashujaa wa kike waliopita kwenye skrini za watoto wa Afrika Mashariki, anayestahili kutajwa wa kwanza ni Sara, na wala si kwa ushupavu wa kupigana. Sara hapigani. Hana mabawa, hana pete ya miujiza, hana adui wa chuma anayetaka kuimeza dunia. Ana hamu ya shule, ana marafiki, ana tumbili wake Zingo asiyetulia, na ana shida zile zile zinazomkabili msichana yeyote wa darasa la saba huko Ndavaya, Samburu au Mackinnon Road, sehemu za Kinango, kaunti ya Kwale. Wasomaji waliokuwa watoto miaka ya mwisho ya 1990 huenda wanamkumbuka, kwenye filamu au kwenye vile vitabu vyembamba vya picha vilivyozunguka shuleni mpaka jalada likachanika. Vijana wa leo wengi hawamjui kabisa. Hilo ni pengo, kwa kuwa katika katuni zote zilizoletwa kwetu kabla yake na baada yake, sijaona shujaa ambaye matendo yake yanaigika kama ya Sara. Alifanyalo leo kwenye skrini, mtoto wa Kinango anaweza kulifanya kesho asubuhi njiani akienda shule.

Sara alizaliwa katikati ya miaka ya 1990 katika ofisi ya UNICEF ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, iliyoko Nairobi. Kabla ya kuchorwa alitafutwa. Watafiti walikwenda nchi kadhaa za ukanda huu, wakakaa na wasichana na wazazi wao, wakauliza: msichana huyu awe na sura gani, avae nini, rafiki yake awe mnyama gani, na ni mambo gani yanayomkosesha usingizi? Majibu ndiyo yaliyozaa hadithi: shule inayotaka kukatika kwa sababu ya umaskini na mawazo ya wakubwa, mwanamume anayemnyemelea binti njiani, mimba za utotoni, ukeketaji, UKIMWI na mayatima wake. Filamu ya kwanza, The Special Gift, inahusu shule: Sara anataka kuendelea kusoma na mambo ya nyumbani yanamvuta nje. Hadithi zilitoka kwa filamu, kwa vitabu vya picha na kwa redio, ili asiye na televisheni asikose.

Sara ana dada mkubwa huko Asia Kusini, na kumjua dada huyo kunasaidia kumwelewa yeye. Mmoja wa waliomwanzisha Sara, Neill McKee wa Kanada, alitoka Bangladesh, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 UNICEF ilimbuni msichana wa katuni aitwaye Meena, mwenye kasuku anayeitwa Mithu. Katika filamu yake ya kwanza Meena hapelekwi shule, anayekwenda ni kaka yake. Basi Meena anamtuma kasuku akasikilize dirishani mwa darasa. Mithu anarudi na hesabu, anamfundisha mwenye kumfuga, na Meena anaanza kuhesabu kila kitu, wakiwemo kuku wa nyumbani. Siku moja hesabu haikamiliki: kuku mmoja hayupo. Anapiga kelele, mwizi anakimbizwa, anakamatwa, na baba mtu anaona kwa macho yake faida ya binti kujua moja, mbili, tatu. Hadithi nzima ni hiyo. Hakuna upanga wala roketi, kuna banda la kuku na mtoto anayejua kuhesabu. Mzazi wa Kinango hahitaji kufafanuliwa. Kuku ni ada ya mtihani, kuku ni nauli ya kwenda hospitali, na anayejua idadi ya kuku wa boma mara nyingi ni binti anayewafungulia asubuhi na kuwafungia jioni.

Tuwaweke hawa kando ya mashujaa wa kike waliotufikia kwa ving'amuzi na kanda. Mwaka 1998 Cartoon Network ilianza kuonyesha The Powerpuff Girls, dada watatu wadogo waliotokea maabara, wanaoruka angani na kuyapiga majitu kabla ya kwenda kulala. Ni katuni ya kuchekesha, imechorwa kwa ustadi, na ilikuwa na maana kubwa wakati wake: kuona vitoto vya kike vikimrusha jambazi ukutani si jambo dogo kwa mtoto aliyezoea kuona wasichana wakiokolewa. Lakini filamu ikiisha, mtoto anabaki na nini mkononi? Ushujaa wa dada hawa umetoka kwenye chupa ya kemikali. Aliyeukosa ameukosa, na hakuna njia ya kuutafuta. Sara na Meena wamejengwa kinyume chake. Kila hadithi yao inapita hatua ambazo mtazamaji anaweza kuzihesabu: ameona hatari, ameiita kwa jina lake, amesema hapana, amekimbilia mahali penye watu, amemwambia mtu mzima anayemwamini, na yule wa kwanza akipuuza amemtafuta wa pili. Walimu wanaliita hilo stadi za maisha, jina baridi kwa jambo lenye joto lake. Ni ujasiri uliogawanywa vipande vidogo vya kutosha kiganja cha mtoto.

Kinango ni mahali pazuri pa kulipima dai hili, kwa kuwa ni ile Kwale ambayo mgeni wa hoteli za Diani haioni. Ukivuka vilima vya Shimba kuelekea bara, mikoko na minazi inabaki nyuma, ardhi inakauka, na Waduruma wanafuga ng'ombe na mbuzi na kupanda mahindi ambayo mvua ikigoma hayarudishi hata mbegu. Ukame ukishika, kazi ya kwanza kuongezeka ni kutafuta maji, na mitungi inajulikana itabebwa na nani. Msichana anayechelewa shule kwa sababu ya maji hukutana njiani na bodaboda inayotoa lifti ya bure, na lifti ya bure ina bei yake. Usiku kuna disko matanga, ngoma ambayo huko Kwale na Kilifi ilianza kama njia ya kuchangisha pesa za mazishi, nayo wakuu wa serikali wameipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya mimba za wanafunzi zinazohusishwa nayo. Hakuna hata moja kati ya hatari hizi inayotatuliwa kwa kuruka angani. Zote zinahitaji binti aliyewahi kuona, hata kwenye picha tu, msichana wa rika lake akiikataa lifti, akishika njia kuu, akifika nyumbani na kusema lililotokea badala ya kulimeza. Aliyewahi kuliona jambo likitendeka anajua kwamba linatendeka, na hapo tayari amemzidi asiyejua.

Watakaonipinga ni wengi, na wana hoja. Hoja ya kwanza ni ya ladha. Watasema Sara ni mahubiri yaliyovikwa rangi, na watoto wanajua kunusa mahubiri. Kuna ukweli hapo. Zipo sehemu ambapo wahusika wanazungumza kama bango la zahanati, na lau si Zingo kuvuruga mambo kwa utundu wake mtoto angeinuka aende zake. Tena hadithi hazina uzito mmoja kwa kila mahali. Ile ya ukeketaji, kwa mfano, ina kazi kubwa kwingineko, ila kwa Wamijikenda, wakiwemo Waduruma, ambao jambo hilo si desturi yao, inabaki habari ya jirani. Lakini anayetaka kuona kwamba shujaa anayeigika anaweza pia kuwa mtamu, amtazame Sema. Super Sema ilitoka YouTube tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake Duniani, ikitengenezwa na kampuni ya Kukua huku Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu. Sema ana miaka kumi, anaishi kijiji cha Dunia kinachotawaliwa na mashine katili iitwayo Tobor, na kila mara anaishinda kwa sayansi, akisaidiwa na pacha wake MB. Rangi zinameremeta, vichekesho havikauki. Hata hivyo nguvu ya Sema ni kubuni, na kubuni kunajifunzika, kwa hiyo kwa damu yuko karibu zaidi na Sara kuliko na wale dada wanaoruka. Nikipewa nafasi ya kuchagua ningependa hadithi za Sara zichorwe upya kwa mkono wa waliomchora Sema. Uchoraji unaweza kuzeeka bila hoja kuzeeka.

Hoja ya pili inauliza kama katuni inafundisha chochote, au sisi wakubwa tunajiliwaza tu. Hapa tuna kipimo kutoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2016 shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha Akili and Me, katuni ya watoto wadogo ambayo shujaa wake, Akili, ana miaka minne, anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila anapolala huingia Lala Land, nchi ya ndotoni ambako yeye na rafiki zake wanyama hujifunza herufi, namba, kuchora na kuelewa hasira na furaha zao. Mtafiti Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwafuatilia watoto zaidi ya 500 mkoani Morogoro. Baadhi walionyeshwa Akili, wengine wakaonyeshwa vipindi vingine, kwa wiki chache tu. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba waliomtazama Akili waliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na kuchora. Kuhesabu si sawa na kumkatalia mwanamume mtu mzima, nalikubali hilo kabla sijaambiwa. Lakini utafiti huo unaondoa ile dhana kwamba picha inapita machoni mwa mtoto kama upepo. Mtoto huchukua anachoweza kukirudia, na Akili amejengwa kwa mambo ya kurudia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na wanaomsifu Sara wameikwepa mno. Inasema: mnamtukuza msichana anayejiokoa, kwa hiyo mnamtwika mzigo wa kujiokoa. Binti aliyeshindwa kukimbia, aliyenyamaza kwa hofu, aliyeikubali lifti kwa sababu miguu imechoka na jua limemchoma, ataambiwa kwamba Sara angefanya vizuri zaidi. Ada isiyolipwa si kosa la binti, njaa si kosa lake, wala yule mwanamume mwenye mke na pesa za kumvutia mtoto si jukumu lake. Hoja hii naipokea. Kama Sara angekuwa peke yake kwenye hadithi, akipanga, akishinda na kurudi nyumbani kimya, ningemweka kapu moja na wanaoruka angani. Lakini angalia hadithi zinavyofungwa. Aghalabu ushindi haukamiliki mpaka mkubwa mmoja abadili msimamo: baba, mjomba, mwalimu, mama aliyekuwa akiogopa kusema. Kwa Meena ni vivyo hivyo, kwani kumkamata mwizi wa kuku ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili ni baba kumpeleka binti shule. Kelele ya mtoto imewekwa pale ili mkubwa asikie, na mkubwa asiposikia, hadithi inaonyesha waziwazi aibu ni ya nani.

Nje ya skrini mambo yamekwenda kwa mtindo huo huo, polepole na kwa kusukumwa. Kenya ilitangaza sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu 1994, ikaiandikia mwongozo mpya 2020, maana kutangaza ni jambo moja na mwalimu mkuu kufungua lango ni jingine. Elimu ya msingi bila malipo ilirudi 2003. Sheria ya Makosa ya Kingono ikapitishwa 2006, na Sheria ya Watoto ikaandikwa upya 2022. Katiba ya 2010 iliwapa magavana kazi ya shule za chekechea, na Kwale, chini ya gavana wake wa kwanza Salim Mvurya, ikajenga vituo vya chekechea na kuanzisha mfuko wa Elimu ni Sasa wa kuwalipia wanafunzi. Aliyemrithi 2022, Fatuma Achani, ni mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana ukanda wa Pwani. Hayo yote ni ya wakubwa, na bila hayo katuni ni picha tu. Ila nageuza swali: sheria hizo zinamfikiaje mtoto wa miaka kumi na miwili asiyesoma gazeti la serikali? Hawezi kudai haki ambayo hajawahi kuiona ikidaiwa na mtu wa kimo chake.

Kuna na wale wasemao Pwani haihitaji shujaa wa kuchorwa na shirika, inaye wa kwake, Mekatilili wa Menza, Mgiriama aliyewainua watu wake dhidi ya Waingereza 1913, akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Inasimuliwa kwamba alimletea afisa wa kikoloni kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kumchukua mmoja aone cha moto. (Ajabu kwamba kuku yumo kwa Meena na yumo kwa Mekatilili.) Heshima yake haina mjadala, na katuni kamili juu yake ingependeza mno. Lakini Mekatilili alikuwa mtu mzima mwenye sauti barazani, na adui wake alitoka mbali kwa meli. Adui wa msichana wa leo anakaa kijiji kimoja naye, anasalimiwa kwa heshima, pengine ni rafiki wa baba. Kupambana na huyo kunataka mafunzo ya namna nyingine, na mafunzo hayo ndiyo kazi ya Sara.

Juu ya wavulana nitasema machache. Anayedai kwamba Sara ni wa wasichana pekee hajamwelewa, maana wanaohitaji kuona lifti ikikataliwa ni pamoja na mvulana ambaye baada ya miaka minne atakuwa ameshika usukani wa pikipiki hiyo.

Linalobaki ni njia ya kumfikisha. Sensa ya 2019 ilikuta takriban nyumba nne tu kati ya kumi nchini Kenya zina televisheni, na mtu anayejua Puma au Kasemeni huko Kinango hahitaji sensa kumwambia kwamba huko hali ni pungufu ya hapo. Sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu zimeanza kubadili sura ya maboma, na Kwale ni mojawapo ya kaunti 14 zilizowekwa kwenye mradi wa serikali na Benki ya Dunia wa umeme wa jua nje ya gridi. Hata hivyo redio bado inatangulia, na hadithi za Sara zilishatengenezwa kwa redio. Lugha nayo isichukuliwe kwa wepesi. Mtoto wa Kinango anaanza na Kiduruma, Kiswahili kinafuata, Kiingereza kinakuja mwisho, ilhali katuni nyingi zinamwendea kinyume cha mpangilio huo. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2019 unaruhusu watoto wa madarasa ya chini kufundishwa kwa lugha ya mahali wanapoishi. Sioni sababu Sara asiseme Kiduruma. Watangazaji wa redio za Pwani wanaozungumza lugha za Kimijikenda wapo, na kurekodi sauti sita juu ya hadithi iliyokwisha kuandikwa si gharama ya kumshinda mhisani mmoja mwenye nia.

Kwa walimu na viongozi wa vilabu vya wasichana, ombi langu ni dogo. Tafuteni hadithi moja ya Sara, ionyesheni au isomeni kwa sauti, kisha msihubiri. Waulizeni wasichana kwa wavulana: katika kijiji chetu, Sara angemwendea nani? Wakitaja majina, mnajua pa kuanzia. Wakinyamaza, kazi imerudi kwa wazazi, machifu na nyinyi wenyewe, na kabla ya kengele ya kwenda nyumbani waandikieni ubaoni nambari ya simu ya watoto. Ni 116, inapokelewa popote nchini Kenya, na kupiga ni bure.